TAHADHARI: Ukiambiwa "paking imefungwa, wanapanua uwanja" pale Songwe, usitoe ufunguo

Ndugu zangu mnaopandia ndege Songwe, someni hii kabla hamjamwachia mtu gari.

Alhamisi iliyopita nilikuwa na safari ya Dar, ndege ya asubuhi. Nimetoka Uyole gizani, na ukungu wetu mnaujua, kuanzia Iyunga hadi Iwambi naendesha pua ikiwa kwenye kioo. Navuka Mbalizi saa imeshakwenda. Karibu na njia ya kuingilia uwanjani nikakuta vijana wawili wamevaa riflekta, koni mbili barabarani, na kipande cha boksi kimeandikwa kwa makapeni: PAKING YA MUDA.

"Shikamoo mama. Paking ya ndani imefungwa, wanapanua uwanja. Magari ya abiria yanalala huku."

Nikaitikia marahaba, na nikaamini. Nani asingeamini? Uwanja ule ndege zimeanza kutua Desemba 2012, tangu hapo ni ujenzi juu ya ujenzi: mara taa, mara jengo jipya la abiria. Ukiambiwa kuna kitu kimefungwa, unaona ni yaleyale.

Bei 5,000 kwa siku. Nikatuma 15,000 kwa simu, likatokea jina la mwanamke, nami hata sikuuliza. Ufunguo wakataka ubaki, eti wakitaka kumpisha mwenzangu wasogeze gari. Nikapewa karatasi ya kile kitabu cha risiti cha kaboni, mhuri wake hausomeki. Mmoja akanipakia boda hadi mlangoni, bure kabisa. Nikamwona muungwana.

Boda ikapita mbele ya paking. Magari yamejipanga, nafasi tele! Namuuliza mlinzi, ananishangaa: "Nani kakwambia imefungwa?" Na abiria wa ndege yangu wanaitwa. Nikapanda, roho juu.

Jumapili jioni nikakuta gari lipo, tena limeoshwa. Nikashukuru, mjinga mimi. Sasa mimi nina tabia ya kuandika kilomita kila nikijaza mafuta, mume wangu hunicheka sana. Nilijaza Jumatano jioni. Nikitoa safari yangu ya kuja uwanjani, zimebaki kilomita 170 na ushei ambazo si zangu. Fanyeni hesabu wenyewe: hiyo ni Tunduma, kwenda na kurudi. Mshale wa mafuta umelala. Chini ya kiti cha nyuma kuna mfuko mweusi wa plastiki, ile iliyopigwa marufuku 2019, umejaa maganda ya karanga.

IST yangu imepiga daladala! Na bima yangu ni ya gari binafsi. Wangegonga wakiwa wamebeba abiria wa kulipa, kampuni ya bima isingenielewa, na kadi ya gari ina jina langu.

Kijana wala hakutahayari. Akataka 10,000 nyingine ya "ulinzi wa usiku", ufunguo kaushika mkononi. Giza linaingia, niko peke yangu. Nikalipa.

Kwa hiyo endesheni hadi getini mkaulize mlinzi mwenyewe, hata kama saa imebana. Malipo halali ya serikali yana kontrol namba, hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi. Pigeni picha dashibodi kabla ya kushuka, kilomita na mafuta vionekane. Ufunguo usafiri na mwenyewe. Wa Iringa nanyi msijione mko mbali, Nduli nako kumejengwa, uongo huohuo utafaa tu.

Polisi nimesharipoti, na ile namba ya simu nimewapa. Kama kuna aliyepanda IST ya kijivu kutoka Tunduma kati ya Ijumaa na Jumamosi na anamkumbuka dereva, aniandikie. Aniambie na nauli alitozwa shilingi ngapi.