Seti ya wishboni zilizokatwa tayari: mabomba ni mazuri, jigi ni juu yako

Seti hii ni ya wanaojijengea gari dogo la michezo la mtindo wa Lotus Seven. Ni vipande vya wishboni nne za mbele (mikono ya suspensheni yenye miguu miwili kama herufi V, inayounganisha gurudumu na chasisi), mbili za juu na mbili za chini, vilivyokatwa lakini havijachomelewa. Kwenye boksi kuna mabomba manane yenye midomo iliyokwisha kuchongwa, maganda manane ya bushi, bushi za polyurethani (egemeo za plastiki ambazo wishboni huzungukia) na vibomba vyake vya chuma vya ndani, vipande viwili vyenye uzi wa M18 hatua 1.5 kwa boljointi ya juu (kiungo cha tufe kinachoruhusu gurudumu kugeuka), bamba mbili za boljointi ya chini, na masikio ya kufungia shokapu. Anayejua kuchomelea atafaidika nayo. Anayedhani kukata ndiyo kazi yenyewe ajue mapema kwamba sehemu ngumu bado haijaguswa, maana jigi, yaani fremu ya kushikilia vipande mahali pake wakati wa kuchomelea, haimo.

Chuma chenyewe hakina lawama. Mabomba yana kipenyo cha nje cha milimita 25 na ukuta wa milimita 2.5, yamevutwa baridi na hayana mshono. Midomo yake inakumbatia ganda la bushi vizuri, pengo halifiki nusu milimita. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana: pengo pana linataka waya mwingi, waya mwingi unaleta joto jingi, na joto ndilo linalovuta wishboni ikapinda.

Wengine hulalamika kwamba bomba la juu na la chini ni la unene mmoja. Chukua gari ambalo boljointi ya chini iko milimita 180 kutoka ardhini na ya juu milimita 430, breki ikiwa ndani ya gurudumu. Kila kilo 100 za nguvu ya breki kwenye tairi zinakuwa 172 kwenye boljointi ya chini, na 72 kwenye ya juu zikisukuma upande wa pili. Kwa hiyo wishboni ya juu ingeweza kuwa nyepesi, lakini ya chini isiguswe. Muuzaji amechagua upande salama, na kwa gari la kujengwa nyumbani ni uamuzi sahihi.

Kasoro kubwa ni kwamba mabomba yamekatwa kwa kipimo kamili cha mchoro, bila akiba. Mabano ya chasisi, yanapofungwa miguu ya wishboni, huwa yameshasogea kidogo wakati wa kuchomelewa, milimita 2 au 3 si ajabu. Akiba ya milimita 3 kila mguu ingemwezesha fundi kulinganisha na chasisi aliyo nayo. Sasa mguu ukiwa mfupi, hakuna tiba ila bomba jipya. Pima mabano kabla hujaagiza, kisha mpe muuzaji vipimo vyako.

Jigi itengeneze juu ya bamba la chuma la milimita 10 au zaidi. Mbao huungua na kuachia. Pitisha chuma kimoja cha mviringo cha milimita 12 kilichonyooka ndani ya maganda yote mawili ya bushi, na ujazie nafasi iliyobaki kwa pete zilizokerezwa. Maganda yakipishana mhimili hata kidogo, bushi zitabana na suspensheni itakuwa nzito. Shikiza viungo vyote kwa nukta ndogo kwanza, kisha chomelea kwa kupokezana, huku kidogo na kule kidogo. Wishboni ipoe hadi ishikike kwa mkono ndipo uitoe. Ukiitoa ikiwa moto inajivuta yenyewe na kazi yote ya jigi imepotea.

Ganda la bushi husinyaa na kuwa yai baada ya kuchomelewa. Pima kipenyo chake kwa venia (kipimio cha taya) mara mbili kwa pande zinazokatana, kisha litanue kwa rima (kifaa cha kupanua tundu) au kwa mashine ya kukereza. Usiipigie bushi nyundo ili iingie. Kipande cha uzi nacho hupinda, kwa hiyo kifunge boliti ya zamani ya M18 yenye grisi wakati wa kuchoma, usifunge boljointi yenyewe kwa sababu joto linaua plastiki na mpira wake. Kikipoa pitisha tapu, kifaa cha kuchonga uzi wa ndani. Kipande hiki ni kinene kuliko bomba, hivyo ukitumia MIG (mashine ya kuchomelea inayolisha waya yenyewe) elekeza moto kwenye kipande na uruhusu dimbwi limwagikie bomba. Kinyume chake unapata mshono mzuri wa macho ambao haujashika. Fanya jaribio kwenye vipande vya taka, ukate katikati, uone chuma kilipoyeyukia.

Vibomba vya ndani vya bushi vimekuja sawasawa kwa urefu na polyurethani, na hapo seti imekosea. Kibomba kinapaswa kuzidi kwa nusu milimita hadi moja, ili boliti ibane kibomba dhidi ya mabano na bushi izunguke juu yake. Kikiwa kifupi, boliti hubana plastiki na gari hukataa kushuka likishapanda. Dawa ni kupunguza ukingo wa bushi kwa msasa kwenye kioo, kisha kupaka grisi ya silikoni. Wishboni bila shokapu lazima ipande na kushuka kwa mkono bila kukwama.

Masikio ya shokapu ya milimita 3 hayatoshi yakisimama peke yake. Gurudumu likibeba kilo 130, na shokapu ikisogea milimita 65 kwa kila 100 za gurudumu, shokapu hubeba kilo 200 gari likiwa limesimama. Shimo likizidisha mara tatu, ni kilo 600. Ongeza bamba la milimita 3 linalounganisha miguu yote miwili karibu na boljointi, na masikio yakae juu yake. Yakichomelewa kwenye mguu mmoja yataupindisha. Mshono usipite kukata bomba kwa mzingo. Ncha ya bamba ichongwe ipungue taratibu, kwa maana ufa huanzia pale mshono unapokoma ghafla.

Uzi wa boljointi uingie angalau milimita 18 baada ya kurekebisha kemba (mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje), na nati ya kufungia ikazwe. Boliti za bushi ziwe 8.8, na sehemu isiyo na uzi ndiyo ikae ndani ya kibomba.

Kabla ya rangi, nyunyizia dawa ya kupenya inayoonyesha nyufa kwenye kila mshono. Rangi ya unga ni ngumu na nene, hufunika ufa mpaka umekomaa. Rangi nyepesi ya kijivu au nyeupe inafaa zaidi, kwa sababu mstari mwembamba wa kutu unaonekana juu yake kila unapoosha gari.