Waya mwekundu-mweusi wa 2×0.75 kwa taa ya LED: mzuri, mradi uwe shaba kweli

Waya bapa wenye rangi mbili, nyekundu na nyeusi zilizogandana ubavu kwa ubavu, hutumika sana kwenye spika na taa za betri. Kwa utepe wa LED wa volti 12 unafaa sana, hasa ule ulioandikwa 2×0.75, yaani milimita za mraba 0.75 kila upande. Kasoro yake ni kwamba ndani ya ganda lile lile huuzwa mali mbili tofauti: shaba tupu, na alumini iliyopakwa shaba kwa juu.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja. Menya ncha, chomoa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Shaba inabaki nyekundu hadi ndani. Alumini inang'aa nyeupe mara tu ngozi inapotoka. Ile ya alumini pia ni nyepesi mno mkononi, na uzi wake hukatika ukiukunja mara chache. Halafu hesabu nyuzi: 0.75 ya kawaida ina nyuzi 24 zenye kipenyo cha milimita 0.2. Ukikuta 14, hiyo namba ya kwenye ganda ni pambo tu.

Unene una maana gani kwa mwanga? Chukua utepe wa mita 5 unaokula wati 24, sawa na ampea 2, betri ikiwa umbali wa mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita 10. Shaba ya 0.75 inaleta ukinzani wa omu 0.23 hivi, alumini iliyopakwa kama 0.36, na waya mwembamba wa 0.2, ule wa kebo za mtandao, kama 0.85. Tarakimu hizo zinaonekana ndogo, lakini ndani ya utepe LED nyeupe zimepangwa tatu tatu na zinachukua zaidi ya volti 9. Rezista, kijisehemu kinachozuia umeme usizidi, inabakiwa na volti 2 na kitu tu za kufanyia kazi, na waya mwembamba unazila hizo hizo. Ndiyo maana utepe uliofungwa kwa waya wa mtandao hupoteza karibu theluthi ya mwanga, wakati kwa shaba ya 0.75 jicho halitambui upungufu. (Ukipima ukinzani wa waya kwa multimita, gusanisha kwanza ncha zake, usome zinavyoonyesha, kisha utoe kiasi hicho. Bila hivyo unapima nyaya za mita yenyewe.)

Kwenye kuunganisha, shaba inapokea lehemu kwa raha. Menya milimita 6, sokota nyuzi, zipake lehemu kwanza. Paka lehemu pia kwenye vidoa vya shaba vya utepe, palipoandikwa + na −, kisha laza waya juu ya kidoa na uguse kwa pasi ya kulehemu yenye joto la kama 350 °C kwa sekunde moja au mbili. Ukikawia, kidoa kinabanduka na kipande hicho cha utepe kimekwisha. Utepe wenye ute wa kuzuia maji ukwanguliwe kwanza, la sivyo lehemu inakimbia na kujiviringa kama tone la maji kwenye jani. Mwekundu uende kwenye +. Ukigeuza, utepe wa rangi moja hauwaki, basi.

Hapa ganda lina udhaifu wake: ni plastiki laini, linarudi nyuma likipata joto na kuacha milimita kadhaa za shaba wazi. Vika waya kibomba cha plastiki kinachosinyaa kikipata joto, na ukivute mbali na pasi hadi kiungo kipoe. Funga waya kwenye ubao au fremu sentimita chache kabla ya kiungo, kwa sababu waya huu ni mzito kuliko utepe na ukivutwa unang'oa kidoa.

Alumini iliyopakwa shaba inaleta shida zaidi kwenye viunganishi vya skrubu. Inabonyea polepole, skrubu inalegea, kiungo kinapata moto. Vibanio vya plastiki vya kubana utepe bila lehemu havipendezi sana hata kwa shaba nzuri, ila kwa majaribio ya mezani vinatosha.

Ndani ya kasha dogo, penye joto na kona nyingi, waya wa silikoni wa 0.5 unaupita huu: unapinda bila ubishi na ganda lake halikunji uso mbele ya pasi. Ila ukingo wa bati unalikata kirahisi, kwa hiyo tundu la kupitishia liwe na kipete cha mpira.

Na huo mwekundu, utakavyokuwa na ubora wowote, upitie fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa upande wa taa, waya ukichunika katikati hakuna kitakachoukinga.