VMPK: kinanda cha bure ndani ya kibodi ya kompyuta, na lawama anazobebeshwa bila kosa

VMPK (Virtual MIDI Piano Keyboard) ni programu ya bure, yenye leseni ya GPL, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Ukiifungua unaona kinanda kimechorwa kwenye skrini, na herufi za kibodi ya kompyuta ndizo zinazokipiga. Kipanya na skrini ya kugusa navyo vinakipiga. Wengi huipakua, hubonyeza Z, hawasikii kitu, kisha huifuta wakisema ni mbovu.

Mbovu si yeye. VMPK haina sauti hata moja ndani yake. Inatuma ujumbe wa MIDI tu, lugha ya maelekezo inayotumiwa na vinanda na kompyuta: noti namba 60 imebonyezwa kwa nguvu 100, noti namba 60 imeachiwa. Wa kuutafsiri ujumbe huo kuwa mlio ni programu nyingine au kinanda halisi kilichochomekwa kwa waya. Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya kuiweka ni kufungua menyu ya Edit, kuingia MIDI Connections, na kuchagua pa kupeleka ujumbe.

Kwenye Windows utaikuta Microsoft GS Wavetable Synth, inayokuja na kompyuta. Inalia, ila inachelewa kiasi cha kukera: kidole kimeshagonga, sauti inafuata nyuma kama mwangwi. Inafaa kuhakikisha kwamba njia iko wazi, haifai kupigia wimbo. Badala yake weka VirtualMIDISynth, ipe faili la sauti la SF2, kisha rudi MIDI Connections uichague. Ukitaka kurekodi ndani ya programu ya studio, tengeneza mlango wa kubuni kwa loopMIDI, uelekeze VMPK huko, na studio isikilize mlango huohuo. Mac ina mlango wake tayari, unaitwa IAC, nao huwashwa ndani ya Audio MIDI Setup.

Linux ndiko programu hii inakopendeza zaidi. Kwa Debian au Ubuntu amri ni hizi, FluidSynth ikiwa ndiyo mtoa mlio:

sudo apt install vmpk fluidsynth fluid-soundfont-gm
fluidsynth -a alsa -m alsa_seq -z 256 -c 2 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2

Acha dirisha hilo wazi, fungua VMPK, chagua FLUID Synth kama mpokeaji. Namba 256 ni ukubwa wa bafa, yaani fungu la sauti linaloandaliwa kabla ya kupigwa, na ndiyo inayoamua ucheleweshaji. Sampuli (vipande vidogo vya sauti) 256 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 6. 1024 ni kama 23. Bafa mbili zikipangwa foleni (ndiyo maana ya -c 2), hesabu inazidishwa mara mbili. Sauti ikikatikakatika au ikitoa mikwaruzo, kompyuta imezidiwa: panda hadi 512. Na kabla hujalaumu chochote, chomoa spika ya bluetooth. Hiyo peke yake inaweza kuongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hakuna namba ya bafa itakayoirudisha. Tumia waya.

Mpangilio wa vitufe umefikiriwa vizuri. Z ni do, X re, C mi, V fa, B so, N la, M ti. Vitufe vyeusi viko mstari wa juu yake: S, D, kisha G, H, J. Herufi F iko kimya kwa sababu kati ya mi na fa hakuna kitufe cheusi. Oktava ya pili inaanzia Q hadi U, weusi wake ni 2, 3, 5, 6 na 7, na inaendelea mpaka P. Jumla noti 29, zinazotosha nyimbo nyingi za kwaya kwa kupandisha au kushusha oktava mara mojamoja.

Kwa walimu wa kwaya ndipo VMPK inapozipita programu nyingi zenye sura nzuri kuliko yake. Karatasi ikiandikwa do ni G, huhitaji kuhamisha vidole: weka Transpose (inayohamisha noti zote kwa nusu toni) kuwa −5, na Z inabaki do. Wimbo ukipanda kwenda A, weka −3. Anayesoma sol-fa tu anaweza kuwapa waimbaji noti zao za kuanzia bila kujua jina la kitufe hata kimoja cha piano.

Tatizo linakuja ukitaka sauti zote nne kwa pamoja. Bonyeza Z, B, Q na E: do, so, do ya juu, mi ya juu. Kwenye kibodi nyingi za bei nafuu noti moja inaweza kupotea. Sababu ni waya za ndani. Vitufe vimeunganishwa kwa safu na nguzo, na vitatu vikikaa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja, kompyuta haiwezi kujua kama pembe ya nne nayo imebonyezwa, hivyo kibodi hukataa kuutuma ujumbe. Kibodi yenye dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwa kila kitufe haina ugonjwa huo. Programu haiwezi kuuponya, ila unaweza kuukwepa: jaribu kodi zako moja moja (noti kadhaa zinazopigwa pamoja; kodi za TRA ni habari nyingine), andika zinazogoma, kisha ingia Keyboard Map uhamishie noti husika kwenye herufi nyingine. Ramani yako inaweza kuhifadhiwa kama faili na kupelekwa kwenye mashine nyingine.

Wenye laptopu za mpangilio wa AZERTY, ambazo ni nyingi Kongo na Burundi, watakuta mambo yamevurugika: Z iko mstari wa juu, namba zinadai Shift. Nenda Preferences, washa chaguo la Raw Keyboard. Hapo programu inaangalia mahali kitufe kilipo badala ya herufi iliyoandikwa juu yake.

Orodha ya ala ni ile sanifu ya General MIDI, 128 kwa jumla. Marimba ni ya 13, akodioni ya 22, kalimba ya 109. Programu zinazoanza kuhesabu na sifuri zitaionyesha kalimba kama 108; ukiipeleka namba hiyo kwenye inayoanza na moja, usishangae ukipata koto ya Kijapani. Na usitegemee ilimba ya Wagogo: hiyo kalimba imetuniwa kama piano. Ngoma ziko chaneli ya 10. Shusha oktava mpaka Z iwe noti 36, na utapata besi kwenye Z, snea kwenye X, hi-hat iliyofungwa kwenye G na iliyo wazi kwenye J.

Kinachokosekana kabisa ni mguso. Kitufe cha kuandikia kinajua kubonyezwa na kuachiwa tu, hakijui nguvu ya kidole. Noti zote hutoka na uzito mmoja, ule uliouweka kwenye Velocity, na piano hapo inasikika kama mlio wa simu. Chagua ogani, ambayo kwa asili haijali nguvu ya kidole, na dosari hiyo inajificha.

Wapiga taarabu nao wasipoteze muda. Robo toni ya rasti (ngazi ya sauti ya Kiarabu) inaweza kupatikana kwa Bender, kitelezi kinachovuta noti juu au chini: mvuto ukiwa wa kawaida wa toni moja kila upande, robo toni ni 2048 kati ya 8192. Lakini mkono mmoja lazima ukae kwenye kipanya, kwa kuwa ukiachia, Bender inarudi katikati, tena inavuta noti zote za chaneli, ikiwemo besi unayoishikilia.

Noti ikigoma kunyamaza, mara nyingi umebadilisha dirisha kidole kikiwa bado chini, na ujumbe wa kuachia haukufika. Amri ya Panic inazinyamazisha zote.