Plasta ya estrojeni baada ya kukoma hedhi: kitambi hakiyeyuki pale inapobandikwa

Plasta ya estradioli, aina ya estrojeni, hubandikwa chini ya kitovu, na hapo ndipo kosa huanza: wengi hudhani inayeyusha mafuta yaliyo chini yake. Sivyo. Homoni hupenya ngozi, ikaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Ibandike takoni, kazi ni ile ile.

Estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani huanza kurundikana ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo. Ndiyo maana mizani yaweza kubaki pale pale huku sketi ikikataa kufungwa. Plasta hupunguza kasi ya mrundikano huo, basi. Kilo haziondoki, na mtumiaji akiacha, faida ya tumboni nayo hupotea. Kwa kitambi tunaipa alama ndogo, wala haijaidhinishwa kwa kazi hiyo. Kwa majoto ya ghafla na jasho la usiku, ni dawa nzuri sana.

Hata hivyo, mwenye kitambi anayehitaji homoni ana sababu ya kuichagua plasta badala ya kidonge. Kidonge cha estrojeni hupitia ini kwanza, na ini likichochewa hutoa vigandisha damu zaidi. Unene peke yake tayari huongeza hatari ya damu kuganda. Ya nini kuongeza nyingine?

Nguvu za plasta ni kati ya maikrogramu 25 na 100 kwa saa 24, na aina nyingi hubadilishwa mara 2 kwa wiki. Ngozi iwe kavu, bila losheni, kisha kandamiza kwa kiganja sekunde 10, hasa kingo. Usiibandike kwenye titi wala usawa wa mkanda. Pale ulipobandua pasiguswe kwa wiki nzima, la sivyo patawasha. Kasoro inayoudhi ni kingo kujikunja kwa jasho na kwenye mikunjo ya tumbo. Hapo hamia takoni. Iliyotumika ikunje, gundi iangalie ndani, kwani bado ina homoni na mtoto anaweza kuiokota.

Mwenye mji wa mimba asiitumie peke yake. Aongeze projesteroni, homoni nyingine ya kike: miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa siku 12 za kila mwezi, wakati wa kulala kwa sababu inasinziza. Bila hiyo ukuta wa mji wa mimba hunenepa, na saratani huweza kufuata. Matone ya damu miezi ya mwanzo ni kawaida. Yakivuka miezi 6, yachunguzwe.

Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, na anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, kwa kawaida hapewi. Wakati mzuri wa kuanza ni kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome.