Waipa ya umeme kwenye boti ndogo: mota nimeikubali, skrubu nimezitupa

Assalaam aleikum, karibuni tena hapa Tanga. Leo tuache mambo ya injini. Nataka muione hii: waipa ya umeme ya volti 12, mota moja, mkono mmoja, raba ya inchi 16. Nimeifunga kwenye boti yetu ya futi 22, hii yenye kibanda, na imeshakula msimu mzima wa kusi. Nimeinunua kwa hela yangu, laki mbili na themanini, kwa hiyo hakuna wa kunipangia la kusema.

Najua kuna mtu keshaanza: "Boti na waipa wapi na wapi? Wazee walikuwa wanatoa kichwa nje." Sawa mzee wangu, shikamoo. Lakini toka hapa uende Pemba kusi ikiwa imechachamaa. Upepo unakujia kuliani, na kila wimbi linakumwagia ndoo nzima kwenye kioo. Jioni unarudi, jua liko machoni, ile chumvi imekauka, unaona weupe mtupu, na mbele yako kuna ngalawa haina hata tochi. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, zile za 1972, Kanuni ya 5 inasema chombo kiwe na mtu wa kuangalia na kusikiliza muda wote. Kusikiliza pia, eeh. Mota yenye kelele kama mashine ya kusaga ndani ya kibanda hiki haifai.

Mara ya kwanza nilijitia ujanja, nikafunga mota ya gari bovu. Haikuzunguka. Kumbe ile mota ilikuwa inapata hasi kupitia bodi la gari, na boti ya faiba haina bodi la chuma. Tukaivutia waya wake wa hasi mpaka kwenye betri, ikafanya kazi. Miezi mitatu baadaye ikashikwa na kutu, ikaganda. Basi ndiyo nikanunua hii ya baharini.

Ukiagiza, pima kwanza unene wa ukuta unaotaka kutoboa. Huu wangu ni milimita 22, faiba, plaiwudi katikati, kisha faiba. Shafti, yaani kile chuma cha kuzunguka kinachotoka kwenye mota mpaka kwenye mkono, ikiwa fupi nati haishiki nje, na hapo umepata pambo la sebuleni. Kutoboa kwenyewe si kazi: bandika tepu ili rangi isibanduke, anza na keekee ndogo, panua taratibu. Kazi ni ile plaiwudi ya ndani. Ipake epoksi, ile gundi ngumu isiyopitisha maji, kuzunguka tundu zima, iache ikauke, ndiyo upitishe shafti. Ukiruka hapo, maji yanajipenyeza kimyakimya, na siku moja utabonyeza ukuta kwa kidole uingie.

Sasa nyaya. Pana waya mmoja mafundi wengi wanaukata wakidhani ni wa ziada. Msiukate! Ndio unaoirudisha raba pembeni ukizima, na lazima uwe na umeme hata swichi ya waipa ikiwa imezimwa. Ukiukosa, raba inasimama palepale ulipoizimia, yaani katikati ya kioo, mbele ya pua yako. Kutoka betri mpaka mota hapa ni mita 4, kwenda na kurudi 8. Nimetumia waya wa milimita mraba 2.5, kwa ampea 5 unapoteza kama robo tu ya volti. Fyuzi iwe karibu na betri, si huku mbele.

Halafu nilifanya kosa ambalo hata fundi wangu hakuliona. Nilifunga mota karibu na dira. Mota ina sumaku! Tumetoka nje ya bandari, dira inatuonesha njia ya ajabu, mtoto wa dada yangu akaniuliza, "Mjomba, leo tunakwenda Mombasa?" Nikahamisha dira, sasa iko zaidi ya nusu mita kutoka kwenye mota. Nawe ukishafunga, washa na uzime huku unaitazama dira. Ikitikisika, bado.

Bidhaa yenyewe sasa. Mota safi, imetulia, namsikia hata mtu wa nyuma akikohoa. Kifuniko chake cha raba hakijapitisha tone. Lakini skrubu, jamani! Boksi limeandikwa stenlesi, wiki ya pili zinalia machozi ya kahawia kwenye faiba nyeupe. Nikazitupa, nikanunua nyingine za daraja la 316, stenlesi inayostahimili chumvi zaidi.

Na hii haiji na kirusha maji, wakati baharini ndicho unachokihitaji kuliko mkono wenyewe. Chumvi kavu chini ya raba ni msasa. Nimeongeza chupa na pampu ndogo ya gari, ndani maji ya bomba. Kama dirisha lako ni la plastiki si kioo, basi ndugu yangu usiipitishe waipa kavu hata mara moja, na usilisafishe kwa petroli wala thina, litajaa nyufa kama za buibui. La kwangu ni kioo, na bado narusha maji kwanza.

Haya, nawasha. Tazameni ule mstari pale juu kushoto, raba haifiki. Nimeulegeza mkono mara mbili nikaurudisha, mstari uko palepale. Aliyeuondoa kwenye boti yake aniambie alifanyaje.