Mwezeshaji aliyeondoka na karatasi yetu

Nimeanza kuandika nikiwa nimempa alama nne kati ya kumi. Tuone nitaishia ngapi.

Sisi ni kikundi cha hisa, wanawake watupu: tunaweka akiba kwa kununua hisa, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Mgawo huo ulikuwa umeshapita, na kabla ya kufungua mzunguko mpya ilibidi tupitie katiba. Mwenyekiti akasema safari hii tusijiongoze wenyewe, maana mwaka juzi tuliishia kurushiana maneno. Tukachanga, tukaleta mwezeshaji wa kulipwa. Ilikuwa baada ya Idd hivi.

Kijana alikuja na bango kitita na maka peni za rangi zote. Kanuni za kikao tukazitaja wenyewe, yeye akabandika ukutani: simu kimya, aseme mmoja mmoja, hakuna swali la kijinga. Hiyo ya mwisho muikumbuke.

Tulipofika kifungu cha faini, akanyoosha mkono bi mkubwa wetu anayeshika ufunguo wa pili. Kwa asiyejua, sanduku letu la pesa lina kufuli tatu, na funguo hawashiki viongozi. Bila huyu bibi halifunguki. Akauliza taratibu: faini za uchelewaji za mzunguko uliopita ziliingia wapi, mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, au mgawo?

"Asante sana bibi, swali zuri. Tunaliweka maegesho." Akaandika FAINI kwenye karatasi ya pembeni, akasonga mbele.

Mbinu hiyo naijua. Hoja isiyo ya ajenda inawekwa kando isile muda, mkimaliza mnairudia. Usipoirudia, umemnyamazisha mtu mzima kwa adabu, basi. Na hii ilikuwa ya ajenda! Tupo kwenye kifungu cha faini, wewe unaegesha faini!

Bibi akanyoosha mkono tena. "Bibi, tumeshaegesha." Watu wakacheka. Akajifunga upya kanga yake, akakaa kimya hadi chai. Kijana umri wa mjukuu wake, na shikamoo yenyewe hakuitoa alipoingia.

Haya, haki yake nimpe. Kura ya kubadili bei ya hisa aliipigisha kwa punje: harage ndiyo, hindi hapana, unatumbukiza kwenye chungu kilichofunikwa kitambaa. Miaka yote tunanyoosha mikono huku tunamtazama mhazini usoni. Safari hii mahindi yakazidi, hisa ikabaki 2,000, na hakuna aliyejua nani kamkatalia nani. Tena kabla ya mjadala alituacha tuongee wawili wawili kwanza, na dada mmoja ambaye sijawahi kuisikia sauti yake tangu ajiunge akasimama akasema. Huo ni ufundi, siubishii. Hapo nilimpa saba.

Halafu nakumbuka mwisho. Bodaboda nje inapiga honi, yeye anakunja karatasi zote, ya maegesho ikiwemo, anatupanga kwa picha ya pamoja. Muda wa picha ulipatikana! Akagawa vikaratasi vya tathmini vyenye nyuso tatu, unaocheka, ulionuna na wa katikati, akasimama pale pale akivikusanya kwa mkono. Nani atanuna mbele yake? Nilikuwa nimekaa na bibi, macho hayamsaidii sana. Akaweka alama kwenye uso unaocheka. Nikamuuliza, bibi, hata wewe? "Mtoto wa watu katoka mbali."

Kikao kilichofuata katibu alifungua daftari. Haikuchukua hata dakika tano. Faini ziliingia mfuko wa jamii, ila za wiki mbili hazikuandikwa popote. Kumbe bibi alikuwa anazihesabu kichwani muda wote.

Tatu. Au nne, kwa ajili ya kile chungu.

Mhazini anataka tumwite tena wakati wa mgawo. Nimesema aje, ila aje na ile karatasi.