Ununue nini ukitaka saitokini zikae kichwani kabla ya mtihani

Ukifika mlango wa kinga ya mwili kwenye silabasi, mkono huenda mfukoni wenyewe. Hapo ndipo zilipo saitokini, protini ambazo seli hutumia kupelekeana ujumbe: IL-1, IL-2, IL-3 (IL ni interleukini), na kuendelea; majina yafanana kama watoto pacha. Nimewasaidia wanafunzi wa uuguzi na utabibu hapa Lamu, na pesa zangu pia zimepotelea humo. Mpangilio wangu ni huu.

Namba moja: manila na kalamu ya risasi. Usicheke. Karatasi moja ya manila kutoka duka la vifaa vya shule pale Usita wa Mui hutoa kadi zaidi ya hamsini za ukubwa wa kiganja. Saitokini ni barua: ina mtumaji, mpokeaji na ujumbe. Mbele andika jina, nyuma mistari minne: nani anatuma, nani anapokea, linatokea nini, dawa gani huizuia. Kadi yangu ya IL-5 yasema: seli T saidizi za aina ya pili, eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), zinakomaa na kuongezeka, mepolizumab. IL-6 huliambia ini litoe CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwaka uvimbe, na tocilizumab huziba kipokezi chake. Kisha funga IL-1, IL-6 na TNF, saitokini nyingine isiyo na jina la IL, kwa mpira mmoja, maana hizo ndizo za homa: huifanya haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili, itoe kemikali ya prostaglandini E2, na joto likapanda. Kadi ya TNF iongezee mstari wa tano. Mgonjwa anayetumia infliximab, dawa inayozuia TNF, anaweza kuamkiwa na kifua kikuu kilicholala, kwa kuwa TNF ndiyo inayoshikilia granuloma, kifundo cha seli za kinga kinachowafungia vijidudu, isivunjike. Watahini wanalipenda swali hilo.

Kalamu ya risasi, kwa sababu unyevu wa huku kwetu huchafua wino. Mwenye simu ya Android atapata AnkiDroid, programu ya kadi za kurudia, bure. Kwenye iPhone programu yake ni ya kulipia. Ila kadi tunga mwenyewe, kuzipakua za mtu ni kusoma barua isiyo yako.

Namba mbili: kitabu cha mtumba cha imunolojia. Unene usikudanganye. Fungua faharasa utafute Th17, kundi la seli T saidizi lililotambuliwa rasmi mwaka 2005. Likikosekana, kirudishe rafuni. Kama kinatoka Mombasa kwa basi, mkumbushe muuzaji akifunge vizuri, maana baada ya Mokowe kuna boti. Changu kilifika kimefura kama hamri.

Namba tatu: benki ya maswali ya mtandaoni. Lipia mwezi wa mwisho tu, na kwanza jaribu maswali ya bure uone kama wanaeleza kwa nini majibu mengine si sahihi. Wasipoeleza, achana nao.

Chati ya ukutani ni pambo.

Mwisho kabisa: muhtasari wa kurasa kumi uliotolewa kopi. Nilinunua mmoja, usiku wa kuamkia mtihani. Mwandishi alibadilisha IL-4 na IL-5, na mimi nikaandika kwa kujiamini kuwa IL-5 ndiyo inayozigeuza seli B zitoe IgE, kingamwili ya mzio. Kumbe hiyo ni kazi ya IL-4. Zile kopi nilimpa mama muuza bajia, akafungia za jioni ile ile.